Njia ya kujifungua na viashiria vya ubongo katika damu ya mtoto mchanga: ulinganisho kwa anayepaswa kuchagua

Mama mjamzito akisoma kwamba damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida imewahi kukutwa na protini ya ubongo iitwayo S100B kwa wingi kuliko ile ya watoto waliotolewa kwa upasuaji uliopangwa, hujiuliza mara moja kama kichwa cha mtoto huumia kinapopita katika njia ya uzazi, na kama upasuaji ungemwepusha na maumivu hayo. Mwingine husoma upande wa pili, kwamba mtoto wa upasuaji huzikosa homoni za kuzaliwa zinazoyaamsha mapafu na mwili mzima, naye akaogopa kisu. Wote wawili wamesoma jambo la kweli, na wote wawili wako katika hatari ya kufanya uamuzi mzito kwa kutegemea nambari ambayo haikukusudiwa kazi hiyo. Ulinganisho huu unayaweka mambo hayo ubavu kwa ubavu, ili anayepaswa kuchagua, awe mama, mwenzi wake, mkunga au daktari, ajue ni kipimo kipi kina uzito na kipi hakina.

Njia ni nne, si mbili

Mazungumzo mengi kuhusu jambo hili huharibika mwanzoni kabisa, pale uzazi unapogawanywa katika mafungu mawili, la kawaida na la upasuaji, kana kwamba kila fungu ni kitu kimoja. Kwa anayechunguza damu ya mtoto, mafungu ni manne. Yupo aliyezaliwa kwa njia ya kawaida bila kuvutwa, na yupo aliyepita njia hiyo hiyo kwa msaada wa vakyumu, yaani kikombe kinachonyonya kichwa ili kimvute mtoto, au koleo. Yupo aliyetolewa kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza, na yupo aliyetolewa kwa upasuaji baada ya uchungu kuanza, mara nyingi kwa sababu mtoto amekwama au mapigo ya moyo wake yamebadilika. Fungu hili la mwisho ndilo linalovuruga hesabu likichanganywa na la upasuaji uliopangwa, kwa sababu mtoto wake amekwisha kupitia saa nyingi za mikazo ya mfuko wa uzazi, pengine pamoja na upungufu wa oksijeni, na kisu kimekuja kumwokoa kutoka katika hali ambayo tayari imeacha alama katika damu yake.

Umuhimu wa mgawanyo huo unaonekana wazi katika uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliotumia kumbukumbu za watoto 583,340 wa California, wote wakiwa wazaliwa wa kwanza wa mama zao. Damu ilivuja ndani ya fuvu kwa mtoto 1 kati ya 664 waliotolewa kwa koleo, 1 kati ya 860 waliovutwa kwa vakyumu, 1 kati ya 907 waliotolewa kwa upasuaji wakati wa uchungu, 1 kati ya 1,900 waliozaliwa kwa njia ya kawaida bila msaada, na 1 kati ya 2,750 waliotolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu. Nambari hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Upasuaji wa wakati wa uchungu umekaa jirani na vakyumu na koleo, mbali na upasuaji uliopangwa, ingawa mama wa makundi yote mawili ya upasuaji wana kovu la aina moja tumboni. Kinachowaunganisha watoto wa makundi matatu ya juu ni uchungu uliokwenda vibaya, na waandishi wa uchambuzi ule walifikia hitimisho hilo hilo. Karibu kila kiashiria cha damu nitakachokitaja hapa chini kinaeleweka vizuri zaidi mtu akianza na swali la namna uchungu ulivyokwenda, kabla ya kuuliza mtoto alitokea wapi.

S100B: protini inayoogopesha kuliko inavyostahili

S100B ndiyo iliyochunguzwa zaidi katika suala hili, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Iligunduliwa mwaka 1965 katika ubongo wa ng'ombe, na jina lake linatokana na tabia yake ya kuyeyuka katika mmumunyo wa salfeti ya amonia uliokolea kwa asilimia 100. Katika ubongo hukaa zaidi ndani ya astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zinazozilisha na kuzitegemeza seli za neva; seli hizo zikijeruhiwa, protini hiyo huvuja hadi kwenye damu. Kwa sababu hiyo mwongozo wa nchi za Skandinavia wa mwaka 2013 uliiweka miongoni mwa vipimo vya kuamulia kama mtu mzima aliyegonga kichwa bila kuumia sana anahitaji picha ya CT: damu ikichukuliwa mapema na kiwango kikawa chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita, anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani bila picha.

Shida huanza kipimo hicho cha mtu mzima kinapohamishiwa kwa mtoto mchanga. Mtoto mwenye afya kamili, aliyetimiza miezi yake, akalia mara tu alipozaliwa na kunyonya vizuri, huwa na S100B katika damu ya kitovu mara kadhaa ya kiwango hicho, na kiwango chake huendelea kushuka kadiri anavyokua. Tena protini hii haitoki kwenye ubongo peke yake. Imo katika mafuta ya mwili, katika gegedu na katika seli zinazoipa ngozi rangi, na kondo la nyuma nalo huitengeneza.

Mtazame mtoto anavyopita. Mifupa ya fuvu lake, ambayo bado haijashikana, inapandana kingo kwa kingo, utosi unabanwa, ngozi ya sehemu ya kichwa inayotangulia inajaa maji na kuvimba, hivi kwamba mama anayemwona kwa mara ya kwanza huuliza mbona kichwa kimechongoka, kisha mabega yanajikunja na kifua kinakamuliwa. Tishu zote zinazobanwa katika safari hiyo, mafuta na gegedu zikiwemo, zinaweza kuchangia S100B inayopimwa dakika chache baadaye. Ndiyo maana sishangai kwamba baadhi ya tafiti zimekuta kiwango cha juu kwa watoto wa njia ya kawaida kuliko kwa watoto wa upasuaji uliopangwa, wala sishangai kwamba nyingine hazikukuta tofauti. Palipoonekana tofauti, ilionekana kwa watoto wazima ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ubongo kuumia, na jambo hilo ndilo linalopaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kila tafiti hizo zinapotajwa.

Kuna na suala la saa. S100B huondolewa na figo, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa kati ya nusu saa na saa mbili hivi. Kipimo kilichochukuliwa kwenye kitovu kinaeleza yaliyotokea katika saa za mwisho za uchungu. Kilichochukuliwa kwa mtoto siku ya pili kinaeleza mambo mengine kabisa. Anayelinganisha matokeo ya kitovu kutoka hospitali moja na matokeo ya kisigino cha mtoto kutoka nyingine, kisha akasema njia fulani ya kujifungua ni hatari, analinganisha asubuhi na jioni.

Kwa upande huu, basi, upasuaji uliopangwa unaonyesha nambari ndogo au sawa, njia ya kawaida inaonyesha nambari kubwa kidogo au sawa, na tofauti hiyo haijathibitishwa kuwa dalili ya madhara kwa mtoto mzima.

NSE na mkono wa anayechukua damu

NSE ni kimeng'enya kinachopatikana kwa wingi ndani ya seli za neva, na kwa nadharia kingefaa zaidi kuliko S100B, kwa kuwa kinatoka kwenye neva zenyewe badala ya seli tegemezi. Hukaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi, kikihitaji takriban siku nzima au zaidi kupungua kwa nusu. Lakini kina udhaifu mmoja ambao kila aliyewahi kufanya kazi ya maabara anaujua.

Damu ya kitovu hupatikana hivi. Kipande cha kitovu kimebanwa kwa vibanio pande mbili, kimekatwa, kimelazwa kwenye trei. Vena yake moja ni pana na laini. Ateri zake mbili ni nyembamba, zimejizungusha juu ya vena, na damu iliyomo ni nyeusi zaidi. Sindano inaingia kwenye ateri kwa shida, bomba linavutwa kwa nguvu ili damu ije, na chembe nyekundu zinapasuka njiani. Baadaye, kichupa kikishazungushwa kwenye mashine, seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, iliyopaswa kuwa ya manjano hafifu inajitenga ikiwa na wekundu, kama maji yaliyosuuziwa nyama. Wekundu huo tu unatosha kuipandisha NSE, kwa sababu kimeng'enya hicho kimo pia ndani ya chembe nyekundu za damu na chembe sahani. Ikiwa damu ya chumba cha kujifungulia inachukuliwa na mtu mwenye haraka, na ya chumba cha upasuaji inachukuliwa na mtu aliyejiandaa, tofauti ya NSE kati ya njia hizo mbili inaweza kuwa tofauti ya mikono iliyoichukua. Matokeo ya tafiti kuhusu NSE na njia ya kujifungua yamepishana, na mimi nisingeitegemea katika uamuzi wowote wa aina hii isipokuwa maabara imeeleza namna ilivyopima kupasuka kwa chembe nyekundu katika kila sampuli.

Viashiria vipya zaidi

GFAP, protini ya nyuzi zinazoipa astrosaiti umbo lake, ina faida kubwa kuliko S100B kwa kuwa imefungamana zaidi na ubongo. Pamoja na UCH-L1, protini ya seli za neva, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kama kipimo cha damu kwa watu wazima wanaodhaniwa kuumia kichwa. Kwa watoto wachanga imetumika zaidi katika kuwafuatilia waliokosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Katika kutenganisha mtoto mzima aliyezaliwa kwa njia moja na mtoto mzima aliyezaliwa kwa njia nyingine, haijaleta jibu la kutegemewa.

Protini nyepesi ya nyurofilamenti, ambayo hutoka kwenye mikia mirefu ya seli za neva, hupanda polepole na kubaki juu kwa majuma. Zipo tafiti, hasa kwa watoto njiti, zilizoihusisha na uzazi wa njia ya kawaida. Hata hivyo, kwa mtoto njiti uamuzi wa njia ya kujifungua hufungamana na sababu iliyomfanya azaliwe mapema, na hali hiyo yenyewe ina nafasi yake katika ubongo wake, kwa hiyo ni vigumu kusema kilichopandisha nambari ni kipi.

Onyo bora kuhusu kusoma viashiria hivi kwa haraka lilitolewa mwaka 2025 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, waliopima aina ya protini ya tau inayotumika kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Watoto wachanga wenye afya walikuwa na kiwango kikubwa kuliko wagonjwa wa Alzheimer wenyewe. Ubongo unaojengwa kwa kasi na ubongo unaobomoka vinaweza kumwaga protini ile ile kwenye damu, na mashine haiwezi kueleza ni lipi kati ya hayo mawili linalotokea.

Homoni za kuzaliwa: hapa nambari kubwa ni ya kutamanika

Upande wa pili wa mizani una tofauti kubwa zaidi, na isiyo na ubishi. Mikazo ya uchungu humfanya mtoto atoe adrenalini na noradrenalini kwa kiasi ambacho mtu mzima hukifikia katika taabu kubwa sana. Hugo Lagercrantz wa Stockholm na Theodore Slotkin wa Marekani walilieleza jambo hili mwaka 1986, wakionyesha kwamba homoni hizo huyasaidia mapafu kufyonza maji yaliyokuwa yameyajaa, huupeleka mkondo wa damu kwenye moyo na ubongo, na humtoa mtoto akiwa macho. Mtoto wa upasuaji uliopangwa huzipata kwa kiasi kidogo zaidi. Kotisoli, homoni nyingine ya mkazo, nayo huwa juu zaidi kwa mtoto aliyepitia uchungu.

Kopeptini, kipande cha protini kinachotolewa sambamba na homoni ya vasopresini kutoka kwenye ubongo, ndiyo inayoonyesha pengo hilo kwa namna ya kustaajabisha. Katika damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida imekutwa ikiwa zaidi ya mara mia moja ya kiwango cha watoto waliotolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu. Hakuna protini ya jeraha la ubongo iliyowahi kuonyesha pengo linalokaribia hilo kati ya watoto wazima wa njia hizo mbili. Lakini kopeptini hupanda pia damu ya mtoto inapokuwa na asidi nyingi kwa kukosa oksijeni, kwa hiyo hata hapa nambari kubwa haina maana moja. Inasema kwamba mwili wa mtoto umeitikia mkazo. Haisemi kama mkazo huo ulikuwa wa kadiri au ulipita kiasi.

Mtoto wa upasuaji uliopangwa hakosi vyote. Akisubiriwa hadi atimize majuma 39, hatari ya kupumua kwa shida hupungua sana ikilinganishwa na anayetolewa katika juma la 37 au la 38, na mama akianza uchungu wenyewe kabla ya kupasuliwa, mtoto hupata sehemu ya homoni hizo. Kwa mzazi ambaye tayari ameamua upasuaji, au ambaye hali yake haimpi chaguo jingine, tarehe ya upasuaji ni jambo ambalo bado anaweza kulijadili na daktari wake, na kwa mtoto lina uzito kuliko kiashiria chochote cha ubongo nilichokitaja hadi sasa.

Asidi na lakteti: vipimo vya zamani vinavyoshinda vipya

Lakteti ya damu ya kitovu, ambayo hupanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, huwa juu kidogo, na pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, huwa chini kidogo, kwa mtoto aliyepitia uchungu kuliko kwa mtoto wa upasuaji uliopangwa. Hiyo ni kawaida. Kila mkazo wa mfuko wa uzazi hupunguza kwa muda mfupi damu inayofika kwenye kondo la nyuma, na mtoto mzima amejengwa kuvumilia. Upasuaji nao una mlango wake wa kuleta asidi: shinikizo la damu la mama likishuka baada ya ganzi ya uti wa mgongo na lisiporekebishwa haraka, pH ya mtoto hushuka bila uchungu wowote kuwepo.

Vipimo hivi vya gharama ndogo, vinavyotoa majibu katika dakika chache, ndivyo vilivyomo katika vigezo vya vyama vya madaktari wa uzazi na wa watoto vya Marekani vya mwaka 2014 vya kutathmini kama ubongo wa mtoto uliathirika wakati wa kuzaliwa: pH ya ateri ya kitovu iliyo chini ya 7.0, au upungufu wa besi (kipimo kingine cha asidi iliyozidi) wa milimoli 12 kwa lita au zaidi, pamoja na alama ya Apgar, inayotolewa kwa kuangalia hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa, iliyo chini ya 5 katika dakika ya 5 na ya 10, picha za ubongo, na viungo vingine kushindwa kufanya kazi. S100B na NSE hazikuingizwa katika orodha hiyo. Hospitali inayotaka kuwekeza katika kipimo kimoja cha damu kwa ajili ya ubongo wa watoto wake wachanga, kwa maoni yangu, ianze na mashine ya kupima gesi na asidi za damu, iihakikishie vitendanishi, na imfundishe kila mkunga kuipata ateri badala ya vena.

Vakyumu, koleo na damu isiyoonekana

Wazazi wengi hawachagui vakyumu. Huletewa wakati mama amechoka kusukuma au mapigo ya mtoto yanashuka, na wakati huo swali haliwi tena kati ya vakyumu na uzazi wa kawaida. Swali ni kati ya vakyumu na upasuaji wa dharura huku kichwa cha mtoto kikiwa kimeshuka ndani ya nyonga, na nambari za California zinaonyesha kwamba, kwa upande wa damu kuvuja ndani ya fuvu, hizo mbili hazikuachana sana. Viashiria vya damu vya watoto hawa vikiwa juu, ni vigumu kujua ni kiasi gani kimetokana na kifaa na ni kiasi gani kimetokana na sababu iliyokifanya kifaa kiletwe.

Picha za MRI zinatoa mwanga hapa. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapiga picha watoto 111 wasio na dalili yoyote, wakakuta 9 wenye damu kidogo chini ya utando mgumu wa ubongo. Walipopigwa picha tena wakiwa na majuma manne, yote ilikuwa imeondoka. Mwaka 2007, watafiti wa North Carolina walikuta damu ndani ya fuvu kwa 17 kati ya watoto 65 waliozaliwa kwa njia ya kawaida, na hawakuikuta kwa yeyote kati ya 23 waliotolewa kwa upasuaji. Mzazi akisoma robo nzima ya watoto anaweza kushtuka, na sina haja ya kumlaumu. Hata hivyo watoto hao walikuwa wakinyonya na kulala kama wengine, na mwaka uliofuata utafiti mwingine wa Marekani, uliowafuatilia watoto 101, ulikuta damu kama hiyo kwa 46 kati yao, ikiyeyuka kwa wengi ndani ya miezi mitatu. Kama damu inayoonekana kwa macho kwenye picha hupotea bila kumwathiri mtoto, protini chache zilizopanda kwa saa moja zina haki ndogo zaidi ya kumwelekeza mama chumba cha upasuaji.

Watoto walipokua

Uamuzi wa kuchagua njia ungepaswa kutegemea namna watoto wanavyokuwa baada ya miaka, na hapo yapo majaribio makubwa mawili ambayo kila mmoja anayejadili jambo hili anapaswa kuyajua. La kwanza lilichapishwa mwaka 2000, likihusu watoto waliotanguliza matako, wanawake 2,083 katika nchi 26, wakigawiwa kwa bahati nasibu kati ya upasuaji uliopangwa na uzazi wa kawaida uliopangwa. Watoto wa upasuaji walitoka na hali bora zaidi katika majuma ya mwanzo, na hospitali nyingi duniani zilibadilisha utaratibu wao karibu mara moja. Lakini sehemu ya watoto hao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, hapakuonekana tofauti kati ya makundi katika vifo na ucheleweshaji wa ukuaji wa ubongo vikihesabiwa pamoja. La pili, la mwaka 2013, lilihusu mapacha ambao wa kwanza wao ametanguliza kichwa. Upasuaji uliopangwa haukupunguza vifo wala madhara makubwa ya watoto.

Jaribio la kwanza ndilo ninalolirudia mara nyingi ninapoulizwa kuhusu S100B. Ikiwa tofauti ya siku za mwanzo iliyo kubwa kiasi cha kuonekana kitandani, katika uzazi wenye hatari kama wa kutanguliza matako, haikuonekana tena katika ukuaji wa ubongo miaka miwili baadaye, basi tofauti ya sehemu ya mikrogramu katika kitovu cha mtoto mzima aliyetanguliza kichwa haiwezi kubebeshwa uamuzi.

Namna ya kuchagua

Mama ambaye mimba yake haina tatizo, mtoto ametanguliza kichwa na kondo la nyuma limekaa mahali pake, hana sababu ya kutafuta upasuaji kwa ajili ya kuulinda ubongo wa mtoto. Upasuaji una gharama zake ambazo hazionekani katika damu ya kitovu: kovu la mfuko wa uzazi linaweza kufanya kondo la nyuma la mimba ijayo lijishikize mahali pabaya. Kwa wanawake ambao kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi, uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa hatari ya kondo hilo kujichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi ilikuwa asilimia 3 katika upasuaji wa kwanza, asilimia 11 katika wa pili na asilimia 40 katika wa tatu. Anayetaka watoto watatu au wanne ana sababu nzito zaidi ya kuufikiria ukurasa huu kuliko ukurasa wa protini.

Mama mwenye kondo lililoziba njia, mtoto aliyelala mkingamo, au kovu la aina ambayo haihimili uchungu, upasuaji uliopangwa ni wake, na asihuzunike kwamba mtoto atakosa homoni za uchungu. Azungumzie juma la 39, azungumzie kumweka mtoto kifuani mapema, na azungumzie nani atakayeangalia upumuaji wa mtoto katika saa za kwanza. Aliye kati, kwa mfano mwenye kovu moja la zamani anayetaka kujaribu njia ya kawaida, au mwenye mtoto aliyetanguliza matako, ana haki ya kuuliza maswali mawili yaliyo mbele ya mengine yote: mapigo ya moyo wa mtoto wangu yatafuatiliwaje wakati wa uchungu, na ikibidi kupasuliwa kwa dharura, itachukua dakika ngapi tangu uamuzi hadi mtoto atoke? Hospitali yenye majibu mazuri kwa maswali hayo hulifanya jaribio la njia ya kawaida kuwa salama zaidi. Isiyokuwa nayo huusogeza uzito upande wa upasuaji uliopangwa, au upande wa kuhamia kituo kingine mapema.

Mtoto akishazaliwa, kwa njia yoyote ile, dalili za kuangalia hazihitaji maabara ya protini: kutolia au kuhitaji kusaidiwa kupumua kwa dakika nyingi, mwili kulegea, kutonyonya, macho kukodoa bila kufuata, degedege. Katika vituo vyenye huduma kamili za watoto mahututi, mtoto wa majuma 36 au zaidi ambaye ubongo wake umeathirika kwa kukosa oksijeni hupozwa mwili hadi karibu nyuzi 33.5 za selsiasi kwa saa 72, na upozaji huo unapaswa kuanza ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa. Haufai kuigizwa popote kwa barafu na feni. Jaribio la HELIX la mwaka 2021, la kuwapoza watoto wa namna hiyo, lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, halikuonyesha faida, na vifo viliongezeka kwa watoto waliopozwa. Saa sita za kuanza upozaji huhesabiwa tangu mtoto anapozaliwa, na majibu ya S100B, mahali pengi yanapopimwa, hurudi zikiwa zimekwisha pita.